Jipu la Mahali pa Siri: Si Aibu, Wala Si la Kufichwa

Katika maradhi yanayowapata wanawake yako yanayotajwa waziwazi barazani na jikoni, kama homa, kikohozi na maumivu ya mgongo. Na yako ambayo hayatajwi hata baina ya mama na binti yake. Miongoni mwa haya ya pili ni jipu linalotoka katika tupu ya mwanamke. Mwenye jipu la mkono huenda kwa daktari siku ile ile, na majirani wote wakaja kumjulia hali. Bali mwenye jipu la mahali hapo husema kuwa anaumwa na kiuno, akajilaza ubavu mmoja, akazuia machozi kila akaapo, na akangoja. Kungoja huko ndiko kunakoligeuza jambo jepesi likawa zito.

Tumeona inafaa kulieleza jambo hili kwa adabu lakini bila ya kuficha. Mambo mawili twapenda msomaji ayashike tangu mwanzo. La kwanza, jipu hili humpata mwanamke aliye mzima wa afya, safi wa mwili na mwenye kujihifadhi. Si dalili ya uchafu, wala si ushahidi wa uovu. La pili, uvimbe wa mahali hapo si wa namna moja. Upo wa kawaida na upo wa nadra, na baadhi yake haufai kabisa kuguswa kwa sindano wala kwa wembe. Kwa hiyo mwenye kuutambua na kuutibu ni daktari, si shoga wala jirani, hata akiwa na nia njema namna gani.

HAYA INA MAHALI PAKE

Haya ni pambo la Muislamu, mwanamume na mwanamke. Lakini haya haikuwekwa ili imwangamize mtu. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifundisha mambo ya dini yao, na wao walimwuliza Mtume (S.A.W.) mambo ya hedhi, ya janaba na ya miili yao. Tena Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, akatujulisha kwamba hapana maradhi yaliyoteremshwa ila yameteremshwa pamoja na dawa yake.

Ama katika kufunua tupu mbele ya tabibu, wanavyuoni wameruhusu kwa dharura, kwa kadiri ya haja, na pale tu panapohitajika kutazamwa. Akipatikana daktari mwanamke, yeye ndiye bora. Asipopatikana, au akawa hana ujuzi wa kazi hiyo, basi mwanamume mwenye ujuzi hutazama, na mgonjwa awe na mume wake, mama yake au nesi pamoja naye. Mwanamke ana haki ya kuomba hayo hospitalini, na si utovu wa adabu kuyaomba.

TEZI MBILI ZISIZOONEKANA

Mwenyezi Mungu ameumba pembeni mwa mlango wa uke tezi mbili ndogo, moja kulia na moja kushoto, kila moja kama punje ya kunde. Kazi yake ni kutoa ute mchache unaolainisha mahali hapo. Ute huo hupita katika mfereji mwembamba wenye urefu wa kama sentimita 2 hivi na kutokea mlangoni mwa uke. Tukiufananisha mlango huo na uso wa saa ya ukutani, vitundu vya mifereji hiyo viko penye tarakimu ya 4 na ya 8. Tezi hizi zinaitwa kwa jina la Caspar Bartholin, tabibu wa Denmark aliyezieleza katika karne ya 17.

Mwanamke mzima hazijui tezi hizi, kwani hazionekani wala hazipapasiki. Huzijua siku mfereji unapoziba. Ute ukikosa pa kutokea hujikusanya, pakafanyika uvimbe laini usiouma sana, ambao huweza kukaa miezi mingi bila ya madhara. Lakini vijidudu vikiingia, ute hugeuka usaha, na jipu huvimba kwa siku mbili tatu tu. Inakadiriwa kwamba katika kila wanawake 100, kama 2 hupatwa na uvimbe au jipu la tezi hizi katika umri wao, na wengi wao ni wa miaka ya 20 na 30. Basi si jambo la kila siku, wala si la ajabu.

Dalili zake ni hizi: uvimbe wa upande mmoja, chini ya shavu la uke, karibu na mlango; maumivu ya kupwita yanayozidi mtu akitembea au akikaa; ngozi kuwa nyekundu au kuiva, na joto mahali hapo. Homa huja kwa baadhi ya wagonjwa tu. Kwa hivyo mtu asijidanganye kwamba, maadamu hana homa, basi hana jipu.

JE, NI MARADHI YA ZINAA?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoingia fitina. Mume akiambiwa mke ana jipu mahali pale, wasiwasi humwingia; na mke akilipata, humshuku mume. Yataka kuelezwa ukweli wake.

Zamani vitabu vya utabibu vililinasibisha jipu hili na kisonono zaidi kuliko kitu kingine. Uchunguzi wa usaha katika maabara umeonyesha sivyo. Aghlabu vijidudu vinavyopatikana ni vile ambavyo kwa kawaida huishi katika matumbo na juu ya ngozi ya kila mwanadamu, na anayepatikana mara nyingi kuliko wote ni yule aitwaye *Escherichia coli*, mkazi wa matumbo yetu sote. Kisonono na klamidia huweza kuwa sababu, lakini kwa sehemu ndogo ya wagonjwa. Daktari mwangalifu huyapima maradhi hayo pia, na kupima si kutuhumu. Ni kama mwenye nyumba anayekagua milango yote kabla ya kulala.

Basi asiwepo mtu wa kumhukumu mwanamke kwa jipu. Kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika madhambi makubwa, na uvimbe wa tezi si shahidi. Vile vile lisipelekwe kwa waganga wa kupunga kwa kudhaniwa kuwa ni uchawi au kijicho. Lina sababu iliyo wazi, na dawa iliyo wazi.

UVIMBE WA NADRA UNAODANGANYA

Tumesema kwamba uvimbe si wa namna moja. Hebu tuutazame ule usio wa kawaida, kwani huo ndio unaowakosesha njia wagonjwa, na pengine hata watabibu wasio na mazoea nao.

Upo unaotokea mbele, ubavuni mwa tundu la mkojo. Huko nako kuna tezi ndogo, zinazoitwa kwa jina la Alexander Skene, daktari aliyefanya kazi Brooklyn, Marekani, na akazieleza mwaka 1880. Jipu la huko huleta maumivu wakati wa kukojoa, na pengine mkojo ukagawanyika au kuzuilika. Kulipasua kunataka mkono wa bingwa, kwani jirani yake ni mfereji wa mkojo. Tena mfereji wenyewe huweza kufanya kijifuko kinachofanana na jipu. Kikikatwa kwa pupa, mkojo huweza kupata njia isiyo yake, na mwanamke akabaki na fistula.

Upo unaotokea juu, penye kinena, ukashuka katika shavu kubwa la uke. Huenda ukawa ni mtoki tu, yaani tezi ya kinena iliyovimba kwa sababu ya kidonda cha mguu. Lakini huenda ukawa ni ngiri, kwani wanawake nao hupata ngiri ijapokuwa kwa uchache kuliko wanaume. Aghlabu ngiri huzidi mtu akikohoa au akijikaza, na hupungua akilala chali. Na ndani yake huenda mna utumbo. Fikiri, ndugu msomaji, ni msiba gani kama mtu atautumbua kwa sindano akidhani ni usaha!

Upo unaotokana na nywele. Unyweleo ukijeruhiwa kwa wembe butu, nywele ikaota kuelekea ndani, hufanyika kipele, kisha jipu katika ngozi ya juu. Hapa kijidudu mashuhuri ni stafilokokasi, ambaye siku hizi ana ukoo usiosikia baadhi ya dawa zilizozoeleka. Kwa sababu hiyo yafaa usaha upelekwe maabara ili ijulikane dawa inayoufaa.

Upo unaorudi rudi, leo kinenani, mwezi ujao makwapani, ukaacha makovu na vitundu vinavyotoa maji. Hayo ni maradhi ya ngozi yanayoendelea, wala hayaletwi na ukosefu wa kuoga. Mgonjwa huyu hata atumbuliwe mara kumi hatapona, kwani huhitaji dawa za muda mrefu chini ya daktari wa ngozi. Kwa nadra zaidi, vidonda na majipu ya namna hiyo hutokana na maradhi ya matumbo yaitwayo Crohn. Na pengine hutokana na kifua kikuu, ambacho huweza kufanya jipu baridi, lisilo na joto wala maumivu makali.

Mwisho, katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, upo uvimbe unaotokea juu ya kovu la ukeketaji. Ngozi iliyonaswa ndani ya kovu huendelea kutoa taka zake kidogo kidogo. Baada ya miaka mingi hufanyika kifuko, na kikiingiwa na vijidudu huwa jipu. Mama huenda amekwisha kusahau alichofanyiwa utotoni, lakini mwili haukusahau. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 na ile ya Kenya ya mwaka 2011 zimekataza kuwatenda watoto wa kike jambo hilo. Ama aliyekwisha kufanyiwa, ana haki ya kutibiwa kwa heshima bila ya kulaumiwa.

DAKTARI HUTAZAMA NINI

Mwanamke asiogope uchunguzi, kwani si mrefu. Daktari huuliza uvimbe ulianza lini, umewahi kutokea kabla, kama kuna homa, kama ana mimba, kama ana kisukari, na dawa alizokwisha kutumia. Hapa ni juu ya mgonjwa kusema kweli. Kisha hutazama mahali penyewe na kupapasa kwa upole, kwani pale uvimbe ulipo ndipo panapomwonyesha jina lake: nyuma karibu na mlango, ni tezi ya Bartholin, mbele penye tundu la mkojo, ni habari nyingine, kinenani, ni habari ya tatu. Akiona shaka hutumia mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile inayotumika kuwatazama watoto matumboni, ili ajue kama ndani mna usaha, maji au utumbo.

Hata mwanamke anayejiona mzima hufaa apimwe sukari katika damu, kwani wako wasiojua kuwa wana kisukari mpaka jipu lilipowajulisha. Na mwanamke aliyepita umri wa miaka 40, aliyeota uvimbe mahali hapo kwa mara ya kwanza, hufaa akatwe kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara. Saratani ya tezi hii ni nadra mno, lakini nadra si muhali, na kuijua mapema ni nusu ya dawa.

MATIBABU YALIVYO

Jipu likiwa changa na dogo, mgonjwa huambiwa akae katika karai la maji safi ya vuguvugu kwa dakika 10 au 15, mara tatu au nne kwa siku, na ameze dawa ya kutuliza maumivu. Baadhi ya majipu hupasuka yenyewe kwa njia hii, na maumivu yakaondoka kama mzigo ulioteremshwa. Hata hivyo na aende akatazamwe.

Jipu lililokwisha kukusanya usaha halina budi kufunguliwa. Vidonge peke yake haviwezi kulimaliza, kwani dawa huchukuliwa na damu, na damu haiingii katikati ya usaha. Lakini kufungua nako kuna namna. Jipu la tezi ya Bartholin likikatwa tu na kukamuliwa, ngozi hujifunga upesi, mfereji ukabaki umeziba, na baada ya muda jipu likarudi. Ndiyo maana wako wanawake waliotumbuliwa mara tatu na nne wakadhani wamelogwa, kumbe walikosa njia ya kudumu ya kutokea ute.

Njia mashuhuri ni mbili. Ya kwanza ni kutia mpira mdogo wenye kibofu nchani, uliobuniwa na daktari wa Marekani aitwaye Word katika miaka ya 1960. Mahali hupigwa sindano ya ganzi, hukatwa tundu la kama nusu sentimita upande wa ndani, usaha hutoka, kisha mpira hutiwa na kibofu chake hujazwa maji safi kiasi cha mililita 2 au 3 ili usitoke. Mpira hukaa kama wiki 4, na muda huo tundu hujijengea ngozi yake likawa mfereji mpya. Mwanamke huenda nyumbani siku ile ile, akatembea na kufanya kazi zake.

Njia ya pili ni kukata, kisha kingo za kifuko zikashonwa pamoja na ngozi ya nje, ili kibaki wazi kama mfuko wa nguo. Hii hufanywa aghlabu katika chumba cha upasuaji. Je, ipi bora? Utafiti uliofanywa Uholanzi na Uingereza, na kutangazwa mwaka 2017, ulizilinganisha njia hizi mbili. Katika muda wa mwaka mmoja, jipu liliwarudia kama wanawake 12 katika kila 100 waliotiwa mpira, na 10 katika kila 100 walioshonwa. Tofauti ni ndogo. Basi hospitali yenye ujuzi wa njia moja isidharauliwe kwa kukosa ya pili.

Kuiondoa tezi nzima ni hatua ya mwisho, kwa jipu linalorudi licha ya yote hayo, kwani mahali hapo pana mishipa mingi ya damu. Wala haifanywi wakati jipu limewaka.

Ama dawa za kuua vijidudu, mwanamke mzima ambaye jipu lake limefunguliwa vizuri na ngozi ya pembeni haikuathirika huenda asizihitaji kabisa. Huzihitaji mwenye homa, mwenye wekundu unaoenea, mjamzito, mwenye kisukari, na aliyerudiwa na jipu. Kwa hivyo tusinunue vidonge dukani kwa kukisia, wala tusiviache nusu pale tulipopewa na daktari.

MAMBO YASIYONGOJA ASUBUHI

Iko hali moja ya nadra ambayo kila mwenye nyumba inampasa aijue. Vijidudu huweza kuingia chini ya ngozi na kuiozesha nyama kwa saa chache. Huwapata zaidi wenye kisukari na wenye miili dhaifu, lakini mzima naye hakusalimika kabisa. Alama zake ni maumivu makali kupita kiasi cha uvimbe unaoonekana. Uvimbe unaoenea upesi kuelekea pajani au tumboni. Ngozi kuwa ya kijivu, ya zambarau au yenye malengelenge. Homa, kutetemeka, moyo kwenda mbio na akili kuchanganyika. Mwenye alama hizi apelekwe hospitali kubwa saa ile ile, hata iwe usiku wa manane. Hapo ni upasuaji, na kila saa ina thamani.

WAJIBU WETU NYUMBANI

Kwanza, tusikamue, tusitoboe, wala tusipake vitu vikali kama chumvi, ndimu, kitunguu thaumu au mafuta ya taa. Ngozi ya hapo ni laini, na vitu hivyo huiunguza vikaongeza kidonda juu ya jipu.

Pili, katika kuondoa nywele za kinena, makusudio ya Sunna ni usafi. Imam Nawawi ameeleza kwamba lililo bora ni kunyoa, na kwamba yafaa pia kukata kwa mkasi, kung'oa au kutumia nura. Basi mwenye kupatwa na vipele kila anaponyoa na azipunguze kwa mkasi safi. Anayenyoa atumie wembe mpya usiotumiwa na mwingine, afuate zinakoelekea nywele, na alowanishe kwanza.

Tatu, katika kustanji mwanamke ajioshe kutoka mbele kwenda nyuma, asiyavute ya nyuma yakaja mbele. Nguo za ndani ziwe za pamba, zisibane. Wala asitie sabuni kali au manukato ndani ya uke.

Nne, damu na usaha wa jipu si hedhi wala si nifasi, na havimwondolei mwanamke wajibu wa Sala. Wako wanaoacha Sala siku nyingi kwa kudhani hivyo. Ataosha, atafunga kwa kitambaa safi, na atasali kwa kadiri anavyoweza, hata kwa kukaa au kulala. Yanayohusu udhu katika hali hiyo na awaulize wanavyuoni wa kwao.

Tano, enyi waume, mkeo akikwambia anaumwa mahali pale, usimwulize amelipata wapi. Mwulize tangu lini, kisha mtafutie usafiri. Msubiri mpaka daktari aseme amepona, na mpira ukitiwa usimkaribie mpaka uondolewe. Nanyi akina mama, wafundisheni binti zenu majina ya viungo vyao na kwamba wana ruhusa ya kuwaambieni kila kinachowauma. Binti asiyeweza kumwambia mama yake atamwambia nani?

Maradhi haya hayakuomba ruhusa ya kuingia katika nyumba za heshima, na kuyatibu hakuipunguzi heshima hiyo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awasitiri wake zetu na binti zetu, na atujaalie tuwe watu wa kuuliza tusilolijua. Amin.